Hodi Melini

Friji liliguna. Liliguna mara moja, kama mzee anayeamshwa asipotaka, kisha likatetemeka hadi vikombe vilivyopangwa juu yake vikagongana. Ndipo Masika akajua kwamba umeme wa mtaa, unaokatwa kwa zamu hadi alfajiri, umerudi na kwamba kumekaribia kupambazuka. Simu yake iliyozimika tangu jana ikawaka kwenye chaja na kuleta ujumbe wa sauti wa binti yake.

"Mama, umelala je? Ni miye, Arlène. Placide ameomba ruhusa kazini siku ile bateau yenu itafika Cologne. Nitapika sombe, samaki ya kukauka nimeshapata. Gradi anauliza kila siku kama Koko anakuja na simba. Utakula kwangu, mama. Usiseme hapana."

Masika aliusikiliza ujumbe huo mara ya pili, simu ameibana sikioni asije akamwamsha mjukuu wake Héritière aliyelala kitanda cha pili. Hakujibu. Hata ujumbe wa wiki iliyopita hakuwa ameujibu.

Mtu wa nje angesema, mama huyu anataka nini tena? Binti hajamwona tangu alipoondoka Butembo peke yake, msichana wa mkoba mmoja. Mjukuu Gradi, huyo anayemwita Koko, yaani bibi, hajamshika hata kidole. Sasa meli inampeleka hadi mlangoni pao, naye anatazama dari.

Lakini kwao Masika, mama hakanyagi nyumba ya mkwe kabla mkwe hajatangulia kuja nyumbani kwa mama huyo, yeye na mkubwa wake mmoja, akabisha hodi, akaketishwa, akajitaja jina. Mali, yaani mahari, ni jambo jingine. Mali huja baadaye, au haiji, na watu huendelea kuishi. Hodi ndiyo isiyorukwa. Mama akitangulia kuingia na kula chungu cha mkwe, ni kama amewatangazia watu kwamba binti yake aliokotwa njiani, hana kwao. Placide na Arlène walikutana Ujerumani, wakafunga ndoa kwa meya, wakapata mtoto. Hodi haikubishwa popote. Masika hakuwa na hasira. Alijua dunia ilivyowatawanya. Ila mguu wake ulijua mpaka wake, na moyo ulijua kitu kingine: akienda, amemvunjia mwanawe heshima, asipoenda, amemvunja moyo.

Kulipopambazuka alijifunga kitambaa kichwani, akamchukua Héritière aliyekuwa likizo, wakavuka robot, zile taa za barabarani za kona, hadi kwa Dona Odete, mitaa miwili kutoka kwao, hapo hapo Rosettenville, Johannesburg.

Dona Odete alizaliwa Madeira, akaolewa na mwenye duka wa Lubumbashi, na Kiswahili alijifunzia kaunta, akipima chumvi na kukata vitambaa. Walipohamia Johannesburg alidhani hatakitumia tena. Kisha mumewe Armando akafa, nyonga yake ikaharibika, na wanawe walioko Australia wakatafuta mtu wa kumwogesha na kumtembeza asubuhi. Akaja Masika. Siku ile ya kwanza bibi alimsikia akijisemea peke yake jikoni, akapaza sauti kutoka kitandani: "Weye mama, unatoka upande gani ya Congo?" Tangu hapo nyumba ile haikunyamaza.

Safari ya meli ilikuwa zawadi ya wanawe hao: kushuka Amsterdam, kupanda mto Rhine, chumba kimoja chenye vitanda viwili. "Na nikianguka nani ataniokota, kapiteni?" aliwauliza, na ndivyo kitanda cha pili kilivyoandikwa jina la Masika. Viza zilikuwa zimeshatoka. Kilichobaki ni kuchagua matembezi ya nchi kavu. Kila mji meli inapofunga kamba, abiria hugawanywa makundi, kila kundi na kiongozi wake, na ofisi ya Randburg iliyowauzia safari ilitaka majibu leo, kabla makundi hayajajaa.

Walikaa mezani, Masika akimenya chungwa, Héritière akisoma kijitabu kwa Kiingereza na kukigeuza Kiswahili kwa taabu, kwa maana alizaliwa hapa hapa.

"Amsterdam. Mnaweza kuzunguka na boti kwenye mifereji, ama kwenda kuona vinu vya upepo."

"Tunashuka kwenye bateau ili tupande bateau?" Dona Odete aliuliza. "Hapana. Hivyo vinu vinafanya nini?"

"Vinazunguka, Dona," alisema Masika.

"Bon. Tutakaa chini tuvitazame. Andika vinu."

"Hapa kuna ngome juu ya mlima," Héritière aliendelea. "Ngazi ni nyingi. Lakini ilibomoka zamani, wakaiacha vile vile."

Masika aliacha kumenya. "Wazungu wanapanda mlima wote ule kutazama nyumba iliyobomoka?"

"Miye ni mzungu," alisema Dona Odete, "na sipandi."

Wakacheka wote watatu. Strasbourg walichagua garimoshi dogo linalozungusha watu mjini wakiwa wamekaa, na mahali pa kuonja mvinyo Dona Odete akasema andika haraka kabla padri hajapita. Kisha Héritière akarudi kwenye ukurasa aliokuwa ameuruka.

"Cologne. Asubuhi, kanisa kuu, kuna kundi la polepole la watu wenye fimbo. Mchana ni huru. Ama kuna kasri nje ya mji, mnakwenda na basi kutwa nzima, mnakula huko huko."

"Hilo la kutwa nzima," alisema Masika.

Alilisema haraka mno. Dona Odete alimtazama. Kwa miezi yote hii bibi huyu alikuwa akisimulia jambo moja: kwamba Armando, kabla hajafa, alitamani kuliona kanisa lile, na kwamba yeye atamwashia mshumaa mle ndani. Masika alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alikitazama kipande cha chungwa mkononi mwake, akaona jinsi alivyokuwa karibu kuuzima mshumaa wa mwenzake ili apate pa kujificha.

"Masika," Dona Odete alisema taratibu. "Binti yako iko Cologne."

"Iko, Dona."

"Na weye unataka kwenda kutazama viti vya mfalme."

Masika akaweka kisu chini, akaeleza. Alieleza bila kulia, kama mtu anayeeleza njia. Dona Odete hakumkatiza. Alikuwa ameishi kwenye duka ambamo mambo ya wakwe yalipita kila siku pamoja na sukari na mafuta ya taa.

"Eish, Koko," alisema Héritière. "Na shangazi Arlène anajua?"

"Arlène aliondoka mdogo. Na mama akimwambia mtoto mambo haya kwa kinywa chake mwenyewe, ni kama anaombaomba."

Dona Odete alikula kipande cha chungwa, akakitafuna muda mrefu. Kisha akauliza, "Mule ndani ya bateau, chumba yetu iko na mlango?"

"Iko," alisema Héritière. "Na namba yake."

"Nani analala mule?"

"Wewe na Koko."

"Basi ni nyumba yetu. Nyumba inatembea juu ya maji, lakini ni nyumba. Huyu muvulana hawezi kufika Johannesburg kupiga hodi. Bon, tutaipeleka nyumba kwake."

Masika alianza kucheka, kisha akaona kwamba bibi hacheki.

Héritière akapiga simu Randburg na kueleza kwa Kiingereza chake cha kasi, na mwishoni akaiweka simu kwenye sauti ya wazi ili wasikie. Dada wa ofisini hakucheka. Hilo Masika alilitia moyoni na kulibeba siku nyingi: mtu wa ofisi, anaulizwa kama mkwe anaweza kuja kubisha hodi melini, na badala ya kucheka anauliza, "Watakuwa wangapi, na wanakunywa chai ama kahawa?" Aliwaomba wasubiri awaulize wenye meli. Aliporudi alisema wageni wanaruhusiwa mchana, majina yapelekwe mapema, ila watakaa sebule ya meli, vyumbani hawaingii.

Héritière alimtazama bibi yake kwa wasiwasi. "Ni sebule tu, Koko. Si chumbani."

"Na nani kakwambia mkwe huingizwa chumbani?" alisema Masika. "Sebuleni ndipo pake."

Lilibaki la kumwita. Mama hawezi; kaka yake Arlène, yaani Marcellin baba yake Héritière, naye hawezi, kwa sababu shemeji akipigiwa simu na kaka wa mke hudhani anadaiwa. Anatakiwa mtu mzima asiye wa damu. Na maneno yatoke nyumbani kwa mama.

"Basi nipe viatu," alisema Dona Odete.

Alivaa viatu, na pia hereni za misa, na kutoka kabatini akachukua kopo la biskuti. Katika miaka yote aliyomtembeza, Masika hakuwahi kumtembeza upande wa kwake. Njia ilikuwa fupi na iliwachukua muda mrefu. Kwenye robot, taa ilibadilika wakiwa katikati ya barabara, na dereva wa teksi, mmoja wa wale wasiosubiri hata gari la wagonjwa, akazima injini na kuegemea usukani mpaka kigari cha kutembelea cha Dona Odete kikapanda ukingo.

Jeannine, mke wa Marcellin, aliposikia hodi na kuona ni nani, alifuta meza ambayo ilikuwa safi na kuleta kiti pekee chenye mikono. Masika mwenyewe akaingia nyuma ya pazia la chumba cha kulala, akaketi kitandani.

Simu iliita. Sauti ya kiume ikapokea, "Allô?"

"Weye ni Placide? Miye ni Odete, wa Lubumbashi. Nasema na kinywa ya nyumba ya mama Masika. Yeye iko humu. Anasikia, lakini hasikii."

"Ndiyo, mama," alisema Placide kwa uangalifu.

"Nina swali moja. Mlango ya kwao na mke yako, unaijua?"

Nyuma ya pazia Masika alishika pindo la kitenge chake. Aliwaza, sasa atakata. Atasema ya zamani hayo, mama, hapa ni Ulaya. Na mimi nitakwenda na basi kutazama viti.

"Siijui," Placide alisema hatimaye. "Baba alikufa mapema, nikalelewa na masista. Hakuna mtu alinifundisha mambo ya ukwe. Nilipomwoa Arlène nilipiga simu kumsalimia mama. Aliposikia ni mimi, akampa mtu mwingine simu. Nikapiga tena, akakata. Nilijua hanitaki. Niliogopa kuuliza."

Masika alifumba macho. Alikumbuka simu zile. Alikuwa ameruka kutoka kitini kama aliyeungua, akamtupia Jeannine simu, kwa sababu mkwe hasemeshwi ovyo ovyo kama jirani. Alidhani amemheshimu.

"Hapana, baba," Dona Odete alisema. "Anakuheshimu mpaka anakukimbia. Ile ni kukukata? Ile ni adabu."

Kwa mbali kwenye simu ilisikika sauti ya Arlène ikisema, "Anasema nini? Placide, anasema nini?"

Dona Odete akampa habari yote: meli, sebule, mchana ule, na kwamba aje na mkubwa mmoja wa upande wake.

"Kuna mjomba Ruphin, yuko Liège," alisema Placide, na sasa sauti yake ilikuwa inakimbia. "Atakuja na treni. Anajua kuongea huyo, ataongea mpaka mtachoka. Lakini mama, na mbuzi? Si nilete mbuzi?"

"Ukileta mbuzi kwa ile bateau, wazee wote wataruka mu maji. Leta kitenge moja, na weye mwenyewe. Piga hodi. Tutakujibu karibu."

"Na jioni?" Arlène alikuwa amenyang'anya simu. "Akishapiga hodi, jioni mama atakula kwangu?"

Dona Odete aligeuza shingo kuelekea pazia. Mama mkwe hatakiwi kusema. Lakini anayeuliza sasa ni mtoto wake.

"Usitie pilipili nyingi," alisema Masika kutoka ndani. "Dona tumbo lake dogo."

Ndipo Arlène akalia, kisha akacheka, kisha simu ikakatika kwa kuwa alikuwa ameibana vibaya shavuni.

Héritière akaandika kwenye ukurasa wa Cologne: asubuhi kundi la polepole, kanisa kuu. Mchana akaacha wazi. Akaupiga picha na kuutuma Randburg, pamoja na majina ya wageni wa chai. Masika alitoka nyuma ya pazia, akakuta Dona Odete amekunywa chai ya Jeannine, ile yenye tangawizi kali anayoikataa kila mahali, akamaliza hadi chini bila kukunja uso.

"Mshumaa utauwasha," Masika alimwambia. "Mimi nitakushikia kigari."

"Nitawasha mbili. Armando alipenda mambo ya wakwe. Alikuwa anafunga duka akasikilize."

Jua lilipopungua makali Masika alimsindikiza hadi getini, ambako Jeannine alikuwa amekwenda kumtafutia jirani mwenye gari. Dona Odete aliegemea ukuta, akiitazama nyumba ile kama anayetaka kuikumbuka: nguo za shule kwenye kamba, ndoo ya unga, pazia la maua.

"Ni karibu kabisa," alisema. "Miaka yote hii nilifikiri ni mbali."

Masika alitaka kusema kwamba hakuna aliyemkataza, lakini alijua pia kwamba hakuna aliyemwalika. Akamfunga kitufe cha sweta kilichofunguka.

"Uje tena, Odete," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Si kwa simu, si kwa wakwe. Uje tu."