Kitambaa cha Kupita Katikati ya Meza ya Yuliana

Mwanangu Yuliana alinunua meza ya kulia ya watu wanane kwa fundi mmoja wa pale Nyakato, Musoma. Ni ya mninga, na miguu yake imechongwa kama miguu ya mtu aliyevimba magoti. Kabla ya hapo walikuwa wanakulia kwenye makochi, kila mtu na sahani yake mapajani. Aliponipigia simu kunieleza habari za meza sikuona zinanihusu nini, mpaka aliposema, "Mama, Krismasi ya mwaka huu nataka nikae."

Nikamuuliza, "Kwani huwa unasimama?"

"Nasimamaga, mama. Wewe mwenyewe unajua."

Ni kweli najua. Mume wake, Werema, ni mkwe wangu, na sisi ni watu wa heshima. Mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, na hakuna anayekula mbele ya macho ya mwenzake. Sijawahi kumwona Werema akitafuna, na yeye hajawahi kuniona mimi. Kwa hiyo kila Krismasi nikitoka kwangu Bunda kwenda kwao, mimi nakulaga chumba cha uani, yeye anakulaga sebuleni, na Yuliana anatembea katikati amebeba hotpoti. Akifika kwangu, Werema anaita maji. Akifika kwa Werema, mimi chumvi imeniishia. Mimi siiti, nakohoa tu. Akija kupakua cha kwake, pilau imeshapoa na kuku amebaki shingo. Ameolewa miaka mingi na amekula shingo nyingi.

"Nataka nikae na mama yangu na mume wangu nile chakula cha moto," akasema. "Hata mara moja."

"Na Werema anasemaje?"

"Hakatai. Anasema sisi tukae, yeye atakula nje na mbuzi zake."

Werema si mtu mbaya. Ni fundi wa kuchomelea mageti, mrefu, mpole, na salamu yake haijawahi kupungua. Angekuwa mtu mbaya jambo hili lingekuwa rahisi.

Nilikaa nalo huku nachambua mchele. Nikaona kwamba meza ina katikati, na kitu chenye katikati kinaweza kuwekewa mpaka. Huku kwetu shamba langu la pamba na la jirani yangu Nyamhanga yanatenganishwa na mstari wa minyaa. Yeye analima kule, mimi nalima huku, na hakuna mtu aliyewahi kusema tumelima pamoja. Nikampigia Yuliana nikamwambia nitamshonea kitambaa cha mezani, kile kirefu chembamba kinachopita katikati kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule, cha vipande vya vitenge, chenye pamba ndani, cha sikukuu. Upande wa kule ni nyumbani kwa Werema, upande wa huku ni nyumbani kwangu. Kila mtu anakula kwake.

Yuliana alifikisha neno. Jibu likarudi jioni ileile. "Anasema macho hayajui mpaka wa kitambaa."

"Atatujibu kikishakuwepo," nikasema.

Mjukuu wangu Ghati, binti mkubwa wa Yuliana, anasoma chuo Butiama. Ana kompyuta ya kubeba, na ndani yake ameweka programu ya kuchorea vitambaa vya vipande, kwa sababu hushona mikoba na kuwauzia wenzake wa chuoni. Jumamosi akaja kwangu Bunda. Nilimkaribisha uji, lakini hakuunywa mpaka alipoifungua hiyo kompyuta na kuiegemeza kwenye debe la unga.

"Kwanza vipimo vya meza, bibi. Mama amenitumia."

Akaviandika, meza ikatokea. Akaweka na viti, vinne huku na vinne kule. Halafu akafungua mahali palipohifadhiwa michoro, akachagua ya sikukuu. Kulikuwa na kengele, mishumaa, maua ya barafu, miti yenye ncha, na mnyama mmoja mwenye pembe zilizotoa matawi.

"Huyu ni nani?"

"Huyo anavuta gari la zawadi, bibi. Kwa wazungu."

"Anakamuliwa?"

"Sijui."

"Mtoe."

Akabonyeza mara moja, mnyama akatoka. Ninaye ng'ombe mmoja ningependa awe anatoka hivyo.

Tulichagua nyota. Ni nyota ya ncha nane, inayopatikana kwa kupanga pembetatu ndani ya mraba, na ukitaka unaizungusha kidogo au unaigeuza kabisa, yenyewe haichoki. Ghati akapiga picha vitenge vyangu kwa simu, kimoja kimoja, akavitia humo ndani: kile cha samaki wa kijani, kile cha miavuli, kipande cha sare ya harusi ya mdogo wangu Yunis, na khanga nyekundu niliyoipasua mwenyewe. Ukigusa pembetatu inavaa kitenge unachotaka. Ukikichukia unaivua. Mimi maisha yangu yote nakata kwanza, ndipo naona kama nimekosea. Humo unakosea kwanza, halafu hukati. Nilikosea sana siku hiyo na sikupoteza hata uzi.

Samaki tukawapanga wote waangalie dirishani. Ukingo wa upande wa Werema tukauweka wa bluu, wa upande wetu mwekundu, ili pasiwe na ubishi. Mwisho wa huku na mwisho wa kule tukachora ncha za kuning'inia nje ya meza. Kilikuwa kitambaa kizuri. Ghati aliinamisha kichwa huku na huku akikitazama, na mimi nikainamisha.

"Sasa nionyeshe," nikamwambia. "Werema akikaa kiti hiki, anaona nini?"

"Haionyeshi hivyo, bibi. Inaonyesha kutoka juu tu."

"Kama kunguru."

"Eeh, kama kunguru."

Kwa macho ya kunguru tulikuwa tumekaa vizuri kabisa.

Ghati akaenda kuchapisha vipande kwenye steshenari ya pale stendi, kila kipande kwa ukubwa wake wa kukatia. Nikavigandisha juu ya boksi la biskuti ili visijikunje. Kabla hajarudi Butiama kwenye mitihani yake alinieleza mara mbili, kwa sauti ya taratibu, vile mimi nilivyokuwaga namweleza kufunga viatu.

"Pamba, bibi, unaitandaza nyembamba kama chapati. Unafunika na kitambaa cha chini, halafu unapitisha mistari ya cherehani juu yake. Basi."

"Kama chapati."

"Kama chapati."

Nilifanya hivyo. Pamba ni ya shambani kwangu, niliibakiza kidogo wakati nyingine inapelekwa kupimwa, nikaitoa mbegu kwa vidole, nikaichambua mpaka ikawa kama moshi. Nyota zilikutana ncha kwa ncha. Samaki waliangalia dirishani. Nilitandaza, nikafunika, nikapitisha mistari, nikakiweka kwenye meza yangu nikakitazama.

Kilikuwa kimekonda. Ukipitisha mkono unahisi mbao. Kilikaa kama ng'ombe wa mwezi wa tisa, mbavu zote nje.

Sasa lazima nieleze kwamba mimi pale Bunda najulikana kwa mito. Nimeshona mito tangu Yuliana ananyonya. Mto wangu ukiutupa chini unasimama. Kazi yake ni kushindilia: unaacha mdomo wazi, unaingiza pamba, unaisukuma kwa mpini wa mwiko mpaka kwenye kona, unaongeza, unasukuma, mpaka ukiupiga kofi unakujibu. Mto ukilegea, mwenye nao anauleta sokoni Jumatano na kuuonyesha watu. Mimi sijawahi kuletewa. Nikajiona natoka kwangu kwenda kwenye meza ya mninga na kitu kilicholegea, sikukuu, mbele ya mkwe.

Nikafumua mistari. Nikafungua upande mmoja. Nikachukua mwiko.

Nilikusudia kukipa afya tu. Lakini nyota ya kwanza ikishashiba, ya pili inaonekana ina njaa. Nikaongeza pamba ya mto mmoja wa zamani. Nilipofika mwisho nikakipiga kofi, kikajibu, nikafunga mdomo kwa sindano ya gunia. Nilipokiweka mezani kikabingirika mpaka chini.

Nikakiokota, nikakibonyeza tumbo ili kipate mahali pa kukalia. Kikakaa. Zile ncha mbili ambazo kwenye kompyuta zilining'inia sasa zilisimama kama masikio. Nikakihesabia kuwa kimekwisha.

Nilikwenda nacho Musoma nimekifunga mgongoni kwa khanga. Kijana mmoja pale stendi aliniuliza mtoto ana umri gani. Nikamwambia ni wa Krismasi.

Ghati ndiye aliyenifungulia geti. Alikipokea kwa mikono miwili, akakibeba mpaka sebuleni, akakilaza katikati ya meza, akarudi nyuma hatua moja.

"Bibi."

"Eeh."

"Hiki ni nini?"

"Ni kitambaa chako."

"Changu kilikuwa kimelala."

"Hiki kimeshiba."

Yuliana akatoka jikoni na mwiko mkononi, jasho linamtoka. Alikizunguka. Alikigusa kwa kidole, kidole kikarudishwa.

"Mama. Nilitaka hotpoti zikae juu yake."

"Zikae pembeni."

"Watu watadhani tumemlaza mgonjwa."

"Nyota zimekutana," Ghati akasema. "Angalia, mama, ncha kwa ncha. Na samaki wote wanaangalia dirishani." Lakini alisema kwa sauti ya mtu anayemtetea ndugu polisi.

Yuliana alirudi jikoni, na kupitia mlangoni nikamwona anaweka sahani yangu kwenye sinia, ile sinia ya kila mwaka ya kupeleka uani. Akaifunika. Sikukohoa.

Halafu Werema akaingia kutoka kufunga mbuzi. Alisimama mlangoni, akatazama ukuta uliokuwa pembeni yangu, kama kawaida yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wote mmeamka?"

"Wote, mama."

Ndipo akakiona. Akafanya kitu anachofanyaga akimaliza kuunga geti: akainama upande wake wa meza, akafumba jicho moja, akapiga mstari kwa lile jicho lingine, kutoka mwisho mmoja wa kitambaa mpaka mwingine. Akasogeza nyota ya tatu kidogo, palipokuwa na bonde. Akavuta kiti akakaa.

Kutoka kwenye kiti changu upande mwekundu nikamwona uso wote, mpaka kidevu. Mimi nikatazama dari. Yeye, kwa sauti ya kiti, nafikiri alitazama sakafu. Akainuka, akatoka nje.

Yuliana alikuwa ameshaleta hotpoti na sinia mezani, amesimama na upawa mkononi. Aliweka upawa chini, akaichukua sinia.

"Twende, mama," akasema. "Nitakuletea chumvi mapema."

Nilikuwa nimeshashika meza niinuke, nikasikia chuma kinaburuzwa koridoni. Werema akarudi na kile kistuli chake cha chuma anachokaliaga akichomelea sehemu za chini za geti. Akakisogeza kiti cha mninga ukutani, akaweka kistuli mahali pake, akakaa. Kidevu kikazama, pua ikazama, macho yakazama. Ng'ambo ya nyota likabaki paji la uso.

Paji la uso halina mdomo.

"Ghati," likasema lile paji la uso, "mwambie bibi yako karibu chakula."

Ghati alikuwa amekaa mwisho wa meza, kati yetu. "Bibi, baba anasema karibu chakula."

Nikarudi nikakaa. "Mwambie asante. Na yeye akaribie."

"Baba, bibi anasema na wewe karibu."

"Nashukuru."

Yuliana bado alikuwa ameshika sinia. Aliniangalia mimi, akaliangalia paji la uso la mume wake, akaiangalia sinia. Akaiweka chini. Akapakua upande wa bluu, akapakua upande mwekundu, akampakulia Ghati. Halafu akavuta kiti cha mwisho mwingine wa meza, akajipakulia pilau, akajiwekea paja la kuku na kipande cha sato, akakaa. Nilimtazama anavyokaa. Alikaa kama anajaribu kiti dukani.

Akaweka tonge la kwanza mdomoni na kulishikilia humo, akipuliza hewa nje kwa pua.

"Ni ya moto," akasema alipoweza.

"Ndiyo," nikamwambia.

"Ghati," paji la uso likasema, "mpe mama yako maji."

Ulimi ulimuungua mpaka siku ya pili. Alituonyesha. Aliungua kwa sababu ya mazoea, kwani alilitia tonge mdomoni bila kupuliza, kama mtu wa pilau iliyopoa.

Mimi nilikula upande wangu, nyuma ya samaki wa kijani. Nilimsikia Werema akitafuna. Anatafuna kama watu wengine. Masikio hayakuwahi kutajwa kwenye heshima yetu, kwa hiyo niliendelea kusikiliza. Chumvi iliponiishia nilikohoa, na mkono mkubwa wenye makovu ya cheche ukatokea juu ya nyota ya tatu, ukaacha kopo la chumvi upande wangu, ukarudi kwao.

Tulipomaliza, na Werema ametoka nje kuwafungulia mbuzi, Ghati akafungua kompyuta yake palepale mezani. Alitaka kujua Pasaka tutashona nyota zilezile au maua. Nikamwambia maua, lakini samaki wabaki. Akaanza kugusa pembetatu.

Kutoka uani, karibu na dirisha, Werema akaita.

"Ghati. Mwambie bibi yako, cha Pasaka akiongeze kidogo kwenda juu. Shingo inaniuma."

Ghati akatafuta. Alifungua huku, akafunga kule, akatafuta mahali pa kuandika unene, hakupaona. Palikuwa na urefu na upana tu.

"Acha," nikamwambia. "Hiyo nitaiweka kwa mwiko."