Moto wa Pasi

Kasmir aliipuliza pasi, majivu yakaruka, makaa yakang'aa. Akaishusha juu ya kaptura ya kaki, nzito, bado mbichi kwa maji aliyoinyunyizia. Moto ukiwa mkali ni zamu ya kaki. Ukipungua zinafuata kanzu, kisha foronya, na leso za hariri mwisho kabisa, zile zinazotaka joto la kiganja tu. Kwa mpango huo mkaa wa kujaza pasi mara moja ulimaliza fungu zima la asubuhi. Madobi wengine wa Kariakoo walijaza mara tatu. Masika hii mikokoteni ya mkaa ilikuwa ikikwama njia ya Pugu, mkaa ukapanda bei, na senti alizobana Kasmir zilikuwa za kupeleka nyumbani Kibosho, kwa mkewe Blandina na binti yao Celina, aliyezaliwa yeye akiwa ameshaondoka.

Tarsis, wa kijiji kimoja naye, alipanda barazani akitiririka maji. Alikuwa ameshuka meli ya Tanga asubuhi ile.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Habari za nyumbani?"

Tarsis hakutua mzigo. "Maliza kwanza hiyo, Kasmir."

"Nikisimama moto unapotea bure. Sema tu."

"Celina hatunaye. Homa. Siku tatu tu."

Kasmir alimalizia mguu wa kaptura, akaikunja kwa kufuata mstari wake. Kisha akaiweka pasi kwenye kigae, kifuniko wazi. Upepo wa mvua ukaingia ndani yake na makaa yakaanza kuteketea bila kazi.

"Wewe ulimwona," alisema.

"Nilimbeba."

"Alikuwa na meno mangapi?"

Tarsis alihesabu kwa vidole, taratibu, kama mtu anayeogopa kukosea. "Manne. Mawili juu, mawili chini. Aliniuma hapa." Akainua kidole cha shahada.

Kasmir alikitazama kile kidole. Halafu akakaa juu ya kanzu za watu zilizokuwa zikingoja.

Bi Thuraya, mjane wa chumba cha pili, alikuwa amekaa baraza hiyo hiyo akisuka ukili wa mkeka, na yote ameyasikia. Alisogea mpaka karibu yake.

"Makaa yanakwisha, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Nikufunikie?"

"Yaache, Bibi. Nilikuwa najiambia, nikiubana mkaa vizuri, Krismasi nitakwenda nikamwone."

Bi Thuraya alimshika mkono, ule wenye sugu za mpini wa pasi, akabaki nao mapajani mwake.

Adhuhuri mvua ilikatika. Ndani ya pasi yalibaki majivu meupe, na leso za hariri zilikuwa bado na makunyanzi kapuni. Upande wa pili wa barabara mwanamke alitoka na karai, akafunga kamba toka mlangoni hadi kwenye mnazi, akaanza kuanika: mashuka, kanga, kisha vinguo vya watoto, kimoja kimoja, vikidondosha maji mchangani.