Mpaka Rodaje Iishe

Mimi naitwa Pélagie, nauza ndagala, dagaa wa ziwa, soko la Mulongwe hapa Uvira, na wanaonijua wanajua sina uvumilivu. Uvumilivu wote wa nyumba yetu alipewa mume wangu Hyacinthe. Sasa niambieni, mtu wa namna ile ukimpa pikipiki mpya, si umemaliza dunia?

Aliileta ikiwa nyekundu, kiti kingali na nailoni. Muuzaji alimwambia maneno ambayo nayalaani hadi leo: injini mpya lazima ifanye rodaje. Mpaka kompteri, ile saa ndogo inayohesabu kilometa, ifike elfu moja, asikimbize kupita arobaini, na asibebe uzito. Aliposema "uzito", Hyacinthe akanitazama.

"Unaangalia nini?"

"Hakuna, Mama Délice."

Piki ikalazwa sebuleni, ikafunikwa kitenge changu cha arusi. Kwetu bibi arusi mpya hukaa ndani, hapiki, hachoti maji, hadi siku ya kumtoa. Mimi sikukaa hata wiki, nikapewa jembe. Piki ilikaa, na kila asubuhi ikapanguswa uso.

Ningenyamaza, lakini kulikuwa na mama yangu. Anakaa kijijini Mutarule peke yake, na macho yake yote mawili yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho. Alikuwa anapepeta mchele kwa kusikiliza tu. Halafu radio ikatangaza: madaktari wa macho wamefika hospitali ya hapa mjini, wanapasua bure, Ijumaa wanaondoka, na mwaka wa kurudi hawaujui. Njiani mvua ilikuwa imebeba daraja, magari yakawa yanaishia ng'ambo. Piki tu ndizo zilishuka bondeni na kupanda upande wa pili. Na mama yangu kupanda kwa motari, mwenye piki ya kukodi, asiyemjua? Thubutu! Alishasema, "Nitapanda kwa watu wangu ao sipandi."

Kwa hiyo macho ya mama yangu yalitegemea kile kiti chenye nailoni.

"Baba Délice, kesho uende kumuchukua mama."

"Rodaje," akasema.

"Kesho kutwa?"

"Mama Délice, injini iko kama mutoto muchanga. Ukiikaza sasa itakohoa maisha yake yote."

Akaitoa kuizungusha mtaani kwetu Songo. Nilisimama mlangoni nikamwona kwa macho yangu: mama mmoja mwenye beseni la mihogo kichwani akampita, akamsalimia, akapotelea mbele. Mbuzi naye akampita, na mbuzi yule alikuwa anakula. Kwa mwendo ule elfu moja ingefika binti yetu Délice akiwa bibi.

Jirani yetu Sévère, aliyewahi kupakia mizigo kwenye malori na tangu hapo ni daktari wa injini zote, akaleta akili yake. "Muiweke juu ya sitendi, gurudumu la nyuma likae hewani, mutie vitesi, ile gia. Itatembea bila kutoka. Kilometa iko kilometa, hata ya hewani." Tukaiweka uani. Ikanguruma tangu asubuhi, gurudumu linazunguka, moshi unaingia kwenye sufuria zangu, Hyacinthe anaipepea injini kwa ungo isisikie joto. Watu wakaja kutazama piki inayosafiri imesimama. Jioni Sévère akainama kusoma kompteri. Haikuwa imesogea hata kidogo.

"Aa," akasema. "Waya yake inatoka gurudumu la mbele."

"Na weye ulijua?"

"Nimejua sasa hivi."

Kesho yake wakaliegemeza gurudumu la mbele juu ya kinu changu, tukaanza kulizungusha kwa mkono. Kwamba injini yenyewe ilikuwa imezimwa, hakuna aliyeuliza, hata mimi. Nilikuwa nataka elfu moja tu. Nilizungusha kwa hasira, Sévère akanipokea, majirani wakapanga foleni na kuimba kama tunavuta wavu. Jua lilipozama mkono wangu ulikuwa umekufa, na kwa hesabu ya kompteri tulikuwa tumefika Kavimvira, pale mji unapoishia, bila kutoka uani. Sévère akanitakia safari njema.

Nikampigia mama simu. "Vumilia, Mama. Tumefika Kavimvira."

"Musiharakishe," akasema mama. "Rodaje iko kitu ya heshima. Ifanywe polepole."

Nikakata simu nikiwa nimeshangaa. Mama yangu hajawahi kushika hata baiskeli. Rodaje ameijulia wapi?

Siku iliyofuata niko sokoni, napimia mteja ndagala, nikasikia mlio ninaoujua. Hyacinthe huyo! Nyuma yake Placide mchinjaji, tumbo lake lote, na nyuma ya Placide nguruwe amefungwa miguu. Walipita vumbi likatanda hadi kwenye meza yangu. Yule nguruwe alikuwa mzito kuliko mimi, au niseme tulikuwa karibu sawa.

Nikafunga meza. Nilimkuta uani anapangusa uso wa piki yake.

"Hyacinthe! Nguruwe amefanya rodaje?"

Alijua mambo yameharibika, maana sikumwita Baba Délice. Akakaa juu ya kinu, akashika kichwa.

"Nguruwe si mama mukwe wangu," akasema.

Nyinyi wa mbali nitawaeleza. Kwetu, mukwe na mama mukwe wanaheshimiana kwa mbali. Hawashikani mikono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaingia porini mwenzake apite. Mama alipokuja kumwona Délice amezaliwa, Hyacinthe alitorokea dirishani, akakwama, Sévère akamvuta kwa nje.

"Atanishika kiuno, Pélagie! Kifua chake mugongoni mwangu, toka Mutarule mpaka hapa! Na mashimo ya ile njia unayajua. Miye nitamwangalia Mungu na macho gani?"

Ndipo nikaelewa na maneno ya simuni. Mama naye alikuwa amejificha nyuma ya rodaje ileile. Nililia, jamani. Nililia kwa hasira na kwa uchungu, maana watu wawili ninaowapenda walikuwa wanaheshimiana hadi mmoja abaki kipofu.

"Kesho tunaenda," nikasema. "Mimi nitakaa katikati yenu."

"Lakini uzito..."

"Sema tena!"

Hakusema tena. Kesho hiyo ilikuwa Alhamisi, siku ya mwisho ya kupasua.

Mutarule tulimkuta mama mlangoni, amevaa kitenge cha Jumapili, furushi mkononi, uso ameugeuzia ukutani.

"Pélagie, mukwe wangu ameamuka?"

"Tumeamuka," Hyacinthe akauambia usukani.

Tukapanda: Hyacinthe, mimi, mama. Nilibanwa pale kati kama dagaa wa kopo, lakini heshima ilikuwa imetimia kila upande. Piki ilijikongoja vizuri hadi kwenye lile daraja lililobebwa na mvua. Kushuka tulishuka. Kupanda ng'ambo, matope yakakataa. Gurudumu likazunguka bure, injini ikalia. Lazima mmoja ashuke. Hyacinthe ndiye dereva, mama haoni pa kukanyaga. Hyacinthe akanitazama. Hata mama, na upofu wake, akanigeukia mimi.

"Haya, nimeelewa!" nikasema, nikashuka.

Katikati ya kiti pakabaki nafasi yangu, pana, ya kutosha heshima za ukoo mzima. Mama akashikilia chuma cha nyuma kwa mikono miwili. Hyacinthe akakaza. Piki ikaruka, ikainua pua juu, nikamsikia mama akipiga kelele, "Yezu wangu!" Mikono yake ikaachia chuma, ikavuka ile nafasi yote, ikamkamata Hyacinthe kiuno, shavu likabandikwa mgongoni.

Nilidhani wakifika juu atasimama anisubiri. Asimame wapi! Shingo ilimkakamaa, akafungua gesi yote, matope yakaruka, na mume wangu na mama yangu wakapotea wakielekea Uvira. Nadhani aliona aibu ikishaanza dawa yake ni kuifupisha. Mimi nikabaki bondeni na kandambili moja, nyingine imemezwa na matope, nawatukana wote wawili kwa majina yao ya ubatizo.

Motari mwingine akanihurumia. Nilipofika hospitali nilikuta ile piki nyekundu uani inatoa moshi, na Hyacinthe amechuchumaa nyuma ya jengo, jasho linamtiririka.

"Yuko ndani," akasema. "Tulikuta wanataka kufunga orodha. Yeye ndiye wa mwisho."

"Ulikimbiza ngapi?"

"Sikuangalia. Nilifumba macho."

"Hyacinthe!"

"Kidogo tu, Mama Délice. Kwa aibu."

Kelele nilizokuwa nimeziandaa njia nzima zikaniishia. Nikakaa chini karibu naye, nikamfuta uso kwa ncha ya kitenge changu.

Ijumaa asubuhi walimfungua bandeji. Mama akatazama kiganja chake, akakigeuza, juu, chini. Akatazama dirisha. Akanitazama mimi, muda mrefu.

"Pélagie," akasema, "umezeeka."

Machozi yakamtoka, nami yakanitoka, nikasahau hata kukasirika.

Wakati huohuo Hyacinthe akatokea mlangoni na termosi ya uji. Mama akamwona. Haraka akavuta kitenge akafunika uso wote, macho mapya na yote. Hyacinthe akageukia ukuta, termosi kifuani. Muuguzi akaja mbio.

"Mama, mwanga unakuumiza?"

"Hapana, mwanangu. Ni mukwe."

Sasa angerudije Mutarule? Asiyeona alipanda. Anayeona hawezi kupanda, hata mimi nikae katikati.  Mama akasema kutoka chini ya kitenge, kwa sauti ya kufika ukutani:

"Pélagie, ile injini jana tuliichokesha sana. Afazali ianze rodaje upya. Nitangoja mpaka iishe."

"Iko vile, Mama," Hyacinthe akauambia ukuta.

Basi yuko kwangu Songo. Daraja lilishatengenezwa, magari yanapita kila saa. Kila asubuhi Hyacinthe akitoa piki, mama anauliza kutoka ndani, "Rodaje imeisha?" Naye anajibu akiwa ameuelekea mpapai, "Bado, Mama."

Kompteri ilipita elfu mbili zamani. Mama yangu, aliyepimia wateja mchele maisha yake yote na namba anazijua kuliko mimi, siku hizi anaona hata sindano iliyoanguka chini ya kitanda. Na ndiye anayeipangusa ile piki kila jioni, Hyacinthe akiwa ameingia ndani. Anaanza na kioo cha kompteri, anakitazama kidogo, halafu anaifunika kitenge changu. Kesho asubuhi atauliza tena.