Barua Isiyotoka Miasenyi

Phoebe aliwajua ndovu kwa masikio. Kundi likipita chini ya daraja la reli, watu wengine huona migongo na pembe tu. Yeye aliona sikio lililochanika kama jani la mgomba, au lenye tundu, au lililokatika ncha, na papo hapo akajua huyu ni nani, mamake ni nani, na mara ya mwisho alionekana upande gani. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake katika ofisi ndogo ya wafuatilia ndovu mjini Voi. Picha za miaka yote zilikaa ndani ya kompyuta yake, na nakala zake kwenye diski iliyochomekwa hapo hapo ubavuni, ambayo hakuna aliyekumbuka kuichomoa.

Wakati huo moyo wake ulikuwa kwa Mghoi, jike mkongwe ambaye hakuwa ameonekana tangu ukame. Yeye na Geoffrey, askari wa wanyamapori kule Miasenyi, walikuwa wakiandikiana juu yake kila mara. Geoffrey alikuwa ameona nyayo. Phoebe akamwomba apige picha akimpata.

Asubuhi moja barua pepe ikaingia. Jina lilikuwa la Geoffrey, na chini yake zilikuwapo barua zao zote za nyuma, neno kwa neno. Ilisema:

"Habari Phoebe. Tumempata Mghoi, hali yake si nzuri. Fungua picha haraka kwa paswadi hii hapa chini, utuambie kama ni yeye."

Mkono ukakimbilia kipanya wenyewe. Kishale kilikuwa tayari kimesimama juu ya kiambatisho alipohisi kuna kitu kinamkwaruza, kama mchanga ndani ya ugali. Geoffrey hakuwa amemwita Phoebe hata siku moja. Tangu mtoto wake azaliwe alikuwa Mama Shantel, hata kwenye ripoti zinazosomwa na wafadhili.

Akauondoa mkono. Sasa akaitazama barua ile polepole, jinsi anavyotazama sikio asilolijua. Jina lilikuwa la Geoffrey, lakini anwani iliyojificha nyuma yake ilikuwa ndefu na ngeni kabisa. Faili ilijiita picha, ila mwisho wa jina lake haukuwa ule wa picha. Tena ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na ufunguo umewekwa mlangoni pale pale. Nani hufunga hivyo? Na kwa nini amharakishe?

Akampigia simu. Mtandao wa Miasenyi ulimsumbua mpaka akakaribia kukata tamaa, kisha sauti ya Geoffrey ikatoka katikati ya upepo.

"Mama Shantel, mimi niko hapa kwa tangi la maji tangu asubuhi. Sijakuandikia kitu. Na Mghoi hatujamwona bado."

Phoebe alikata simu. Alimwita Sylus, fundi wa kompyuta mwenye ofisi mtaa wa pili, naye akaja akiwa na laptopu kuukuu kwapani. Sylus hakuulizia barua kwanza. Aliuliza ni nani mwingine anayeandikiana na Geoffrey. Kulikuwa na Fanuel, mwenzao wa kituo cha Chala. Phoebe alipompigia, Fanuel alisema ndiyo, ameipata barua, ameifungua, hakuna picha iliyotokea, na sasa mashine imekuwa nzito. Sylus akaichukua simu, akamwambia aikate mashine kwenye intaneti na kuizima, aje nayo Voi.

Huku wakimngoja, Sylus alieleza kwamba kuna mtu alikuwa amelipata neno la siri la Geoffrey, akaingia kwenye sanduku lake la barua, akasoma mazungumzo yao taratibu, halafu akayadandia mkiani. Kisha aliichomoa ile diski ya Phoebe na kumkabidhi mkononi. Phoebe hakuelewa kwa nini. Sylus akasema afadhali aone.

Ile laptopu yake kuukuu aliitenga kwa majaribio ya namna hiyo, haikuunganishwa na chochote. Aliiwekea picha kadhaa za ndovu, akachomeka flashi yenye picha zile zile pamoja na ile faili, aliyoinakili kutoka kompyuta ya Phoebe bila kuifungua, kisha akaifungua.

Mwanzoni hakukuwa na kitu. Halafu picha ya kwanza ikapoteza sura, ikabaki karatasi nyeupe yenye jina lisilosomeka. Ikafuata ya pili. Kisha zikaenda kwa mfululizo, safu baada ya safu, bila mlio, kama nzige wanavyoshukia shamba la mahindi, ila hawa hawakuwa na hata mvumo wa mabawa. Ikamaliza laptopu, ikahamia kwenye flashi. Mama, ndama, dume, sikio kwa sikio. Phoebe aliibana ile diski kifuani kwa mikono yote miwili. Katika miaka yake ya porini alikuwa amesimama mbele ya moto wa nyika na mbele ya dume lenye hasira. Hakuwahi kujiona mdogo hivi.

Jua lilikuwa limegeuka Fanuel alipowasili na mashine yake. Sylus aliikagua, akatikisa kichwa. Lakini Fanuel alikuwa na desturi ya kutuma kila picha Voi, hivyo Sylus alipomwekea laptopu nyingine safi, ndovu wa Chala walianza kurudi mmoja mmoja. Geoffrey naye alikuwa amekwisha kubadilisha neno lake la siri, na wakakubaliana kwamba tangu siku hiyo hakuna kiambatisho kitakachofunguliwa kabla ya simu kupigwa.

Fanuel aliwatazama ndovu wake wakijitokeza kwenye kioo.

"Alijuaje kwamba tukisikia habari za Mghoi hatutangoja?" aliuliza.

"Alitusoma," Phoebe akamjibu. "Kama mimi ninavyowasoma hawa."

Alikuwa anamfikiria mtu yule, aliyekaa mahali Phoebe asipopajua, ambaye huenda hajawahi kuuona hata unyayo wa ndovu kwenye vumbi jekundu, lakini aliijua njia iendayo moyoni mwake, akakaribia kabisa kufika.