Kila Mtu na Dirisha Lake

Mwaka wa ule ukame wa themanini na nne, mimi Syokau nilikuwa nauza vitambaa katika duka la Mzee Hassan, pale Mutomo. Kuta zilikuwa za mawe mazito, na nyuma ya kila kaunta kulikuwa na kidirisha cha mbao chenye kamba. "Kila mtu na dirisha lake," Mzee Hassan alituambia. "Ukitaka mwanga, vuta. Ukitaka baridi, achilia. Msiniletee kesi."

Kesi zilikuwa za kila siku. Ndululu, muuza sukari wa kaunta ya pili, alitaka jua limulike mizani yake. Mimi nilitaka giza, na kwenye mwanya wa dirisha nilitundika gunia lililoloa ili upepo ukipita upoe. "Mama Mutiso, unaishi shimoni kama fuko," alinitania. Nami nilimwambia anajianika kama ngozi ya mbuzi.

Siku hiyo Mzee Hassan alikuwa ameenda msikitini, swala ya adhuhuri. Mutiso wangu, mtoto wa miezi saba, alilala chini ya kaunta, pale gunia lilipodondosha matone. Hapakuwa na mahali pa baridi kama hapo duka zima, na nilijisifu kwa akili hiyo. Mjinga mimi! Mutomo yote haikuwa na tone, na kila chenye kiu kingetafuta sakafu yangu.

Niliinama kumwangalia, nikaona swila. Alikuwa amejikunja kwenye ule unyevu, kichwa karibu na kisigino cha mtoto. Woi! Nilitaka kumnyakua mwanangu, lakini mkono ungepita juu ya nyoka.

"Ndululu," nikanong'ona. "Nyoka. Yuko na mtoto."

Nilijua atatoroka. Huyo akiona mjusi tu hupanda juu ya magunia. Lakini aliachilia kamba yake taratibu, upande wake ukaingia giza. Kisha akachukua debe lake la maji akalimwaga lote miguuni pake mwenyewe.

"Sasa wewe fungua," akasema. "Pole pole. Atafuata baridi."

Nikashusha gunia, nikavuta kamba. Jua likamwangukia mwanangu usoni. Akakunja uso, akarusha mguu. Swila akainua kichwa. Mungu wangu! Halafu akajikunjua, akateleza sakafuni moja kwa moja mpaka gizani kwa Ndululu.

Nikamnyakua mtoto, nikapanda juu ya kaunta nikipiga kelele. Ndululu hakusogea. Alingoja nyoka ajikunje majini, karibu na vidole vyake, ndipo akamfunika kwa debe na kulikalia.

"Umempata?"

"Niko naye hapa chini."

Ndipo nikaona suruali yake ya kaki. Ilikuwa imeloa kuanzia kiunoni, na maji ya debe hayakufika huko. Aliona kwamba nimeona, akainamisha kichwa.

Nje watu walikuwa wanakuja mbio na mapanga, Mzee Hassan mbele. Mitaani wangemcheka Ndululu mpaka kaburini, nawajua. Nikashika debe langu, maji yangu ya mwisho wiki hiyo, nikammwagia yote kuanzia kiunoni hadi chini.

"Nani amemwaga maji haya yote, na nchi imekauka hivi?" Mzee Hassan akafoka.

"Mimi," nikasema.