Majina ya Wiki Iliyopita

Jikoni kwa bibi yule kulikuwa na rafu ya mbao, na juu ya rafu hiyo kulikuwa na vyombo vitatu visivyoguswa ovyo: sufuria ndogo, mwiko na kinu cha kutwangia viungo. Vilipangwa kwa mstari, na mpangilio wake ulibadilika kila Jumatatu. Mgeni angedhani ni mambo ya uzee tu. Kumbe ilikuwa siri ya timu.

Aliyeanzisha mambo hayo ni mwanawe wa mwisho, mwoka mikate. Alfajiri alioka, jioni alifundisha raga wasichana wa mtaa, na kwa kuwa mikono yake haikuacha kunuka hamira, wachezaji wake walimwita Kocha Hamira, naye akaitika. Katika raga, mpira ukitoka nje, timu mbili hupanga foleni sambamba. Mchezaji mmoja husimama ukingoni na kuurusha mpira juu katikati yao, na wenzake humnyanyua mmoja wao audake hewani. Mtupaji huwaambia wenzake kwa siri kama mpira unakwenda kwa mrukaji wa mbele, wa kati au wa nyuma. Klabu nyingine hutumia namba. Kocha Hamira alikulia jikoni kwa mama yake, basi akatumia vyombo. Na kwa kuwa wapinzani nao wana masikio, kila wiki aliyahamisha majina.

Mtupaji wake alikuwa binti wa kaka yake, aliyelelewa na bibi tangu wazazi wake walipopata kazi ya mbali. Uwanjani walikuwa wamembatiza Msumari, kwa sababu akishasimama mahali hang'oki. Nyumbani kocha alikuwa Baba Mdogo, uwanjani alikuwa Kocha, na siku msichana alipochanganya alikimbizwa uwanja mzima huku wenzake wakimcheka. Kila jioni Msumari alirusha mpira kwenye beseni lililotundikwa ukutani uani, na bibi, akimenya viazi, alimtajia vyombo. Akisema mwiko, mpira unakwenda. Akisema kinu, mpira unakwenda. Kufikia katikati ya wiki bibi naye alikuwa ameshika mpangilio kichwani, hata rafu hakuitazama tena.

Wiki ile haikuwa kama nyingine. Jumamosi angekuja mteuzi wa kambi ya vijana, mahali penye makocha wa kazi hiyo tu na shule humo humo, na kutoka kambini ndiko timu ya taifa ya vijana inakochotwa. Mwaka ujao Msumari angekuwa amepitiliza umri. Tena klabu ile haikuwahi kutoa hata mmoja. Kocha hakulizungumza jambo hilo kabisa, lakini alinyoa ndevu siku mbili mfululizo, na mama yake akajua moyo wake uko wapi.

Alhamisi jioni Msumari alirudi kutoka mazoezini, akaketi kitandani na viatu vyake vya uwanjani miguuni, akavuta pazia. Bibi alipofika mlangoni na kuwasha taa, msichana akajifunika macho.

Bibi hakumfokea. Alizima taa, akapiga magoti, akaanza kumfungua kamba za viatu, na akiwa kwenye kiatu cha pili maneno yakamtoka msichana yenyewe. Alikuwa amegongwa kichwani na goti la Kibiriti, rafiki yake, yule anayeruka mbele. Giza lilikuwa linaingia na hakuna aliyeona. Kibiriti mwenyewe alidhani amemgonga bega, akamuuliza kama yuko sawa, naye akacheka.

Bibi na mjukuu walijua sheria ya Kocha. Anayegongwa kichwa hakanyagi uwanja mpaka daktari aseme, hata kama ni fainali. Mwanzoni mwa msimu aliwaita wazazi kwenye duka lake la mikate, akawaketisha juu ya magunia ya unga, akawaeleza kwamba kichwa kikigongwa tena kabla hakijapona, mtoto anaweza kulala pale pale asiamke. Bibi alikuwa ameketi kwenye gunia la mbele.

"Bibi, usimwambie Baba Mdogo."

"Mjukuu wangu."

"Ni Jumamosi tu, Bibi. Baada ya hapo nitalala mwezi mzima ukitaka."

Bibi alimshika kidevu akamtazama kwa mwanga wa ukumbini. "Nikuone kwanza," alisema. "Nikiona huko sawa, nitasema."

Msichana akamkumbatia. Alikuwa amesikia lile neno la kwanza tu.

Ijumaa bibi alimchunga kama mtu anayechunga maziwa motoni. Msichana alikula vizuri. Alimtania bibi kwamba maganda yake ya viazi ni manene, wanaweza kuyavaa kama koti. Jioni alirusha mpira na beseni likalia kila mara, ila aliomba vyombo visitajwe, kelele zilimchosha. Bibi akamenya viazi kimya kimya. Mazoezi ya timu hayakuwapo siku hiyo, Kocha alitaka miguu ipumzike. Kwa hiyo hakuna aliyemsikia Msumari akitaja chombo hata kimoja.

Asubuhi ya Jumamosi aliuliza soksi zake ziko wapi. Bibi akamwonyesha, ziko ndani ya begi. Baada ya muda mfupi akauliza tena. Ni woga, bibi alijiambia, hata mimi siku ya harusi yangu nilitafuta viatu nilivyokuwa nimevaa. Lakini chai yake mwenyewe aliiacha mezani.

Uwanjani wazazi husimama nyuma ya kamba. Kamba hiyo iliwekwa kwa ajili ya bibi, au ndivyo watoto walivyopenda kusema, kwa sababu msimu uliopita aliingia uwanjani katikati ya mchezo kumpelekea mjukuu wake sweta. Refa alipuliza kipenga, timu zote mbili zikaangua kicheko, na Kocha Hamira akamwapisha mama yake mbele ya watu kwamba hatavuka tena. Aliapa, naye alikuwa mtu wa kushika kiapo.

Mteuzi alikuwa mwanamke mrefu mwenye kofia ya buluu. Alikuja na kiti chake cha kukunja, lakini alipomwona mama mmoja mjamzito amesimama, alimpa kile kiti bila maneno, akabaki wima na kalamu yake. Bibi alimpenda papo hapo. Ndiyo maana aliumia zaidi kwa yaliyofuata.

Mpira wa kwanza ulipotoka nje, Msumari alisimama ukingoni, akaupangusa kwa jezi, akaita, "Kinu!"

Wiki hiyo kinu kilikuwa cha nyuma. Wasichana wa nyuma walijiandaa kunyanyuana, na mpira ukaenda mbele, ambako hakuna aliyeruka. Wapinzani wakaudaka kama zawadi. Watu nyuma ya kamba wakaguna. Mikono imetoka jasho, bibi aliwaza.

Mara ya pili aliita sufuria. Sufuria ilikuwa ya mbele, lakini mpira ulikwenda katikati, umenyooka, kwa urefu uliotakiwa, ukapita juu ya vichwa vya watu wasioutarajia. Bibi akashika kamba kwa mikono miwili. Mrusho ule haukuwa na kasoro. Akaiona rafu yake ya jikoni kama ilivyokuwa kabla hajaipanga upya Jumatatu: kinu mbele, sufuria katikati, mwiko nyuma. Mtoto alikuwa anarusha vizuri kabisa, ila alikuwa anarusha wiki iliyopita.

Akamtafuta mwanawe kwa macho. Kocha Hamira alikuwa ng'ambo ya pili ya uwanja, ameinamisha kichwa, anachokonoa nyasi kwa ncha ya kiatu. Hakupiga kelele, naye kwa kawaida hupiga kelele hata mpira ukirushwa vizuri. Bibi akaanza kumwendea kwa kuzunguka uwanja, nje ya kamba, akiomba njia.

Alikuwa amefika nyuma ya magoli mpira ulipotoka mara ya tatu. "Mwiko!" Msumari aliita. Hapo bibi aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Kibiriti aliwageukia wenzake, akasema neno moja la chini, na wale wasichana wakaiacha nafasi ya katikati walikoitwa, wakakimbilia nyuma na kumnyanyua Kibiriti juu kabisa. Mpira ukamfikia mikononi. Akateremka nao, wakasukuma, wakavuka mstari, wakapata alama. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Yule wa kofia ya buluu akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akaandika.

Walikuwa wamegundua, basi, na badala ya kusema walikuwa wanambeba. Bibi alikuwa ameona wema mwingi maishani, na huo ulikuwa wema, wa wasichana wanaompenda mwenzao na kutaka ndoto yake itimie. Ulimwogopesha kuliko goti. Sasa hakuna kosa lingeonekana tena. Mchezo ungeendelea, mtoto angeteuliwa, na yeye bibi angerudi nyumbani amenyamaza, asilaumiwe na mtu.

Alisimama pale kidogo. Tuseme ukweli, alisimama. Akamwona Msumari akirudi nafasini kwake, anatabasamu, na anakwenda upande usio wake, mpaka Kibiriti alipomshika kiwiko akamgeuza taratibu.

Refa akaamuru skramu. Katika skramu watu wanane husukumana na wanane, vichwa vya mstari wa mbele vikipishana na vya wapinzani, na mtupaji ndiye hukaa katikati kabisa, mikono yake imeshika mabega ya wenzake, hana hata mmoja wa kujikingia. Wasichana walianza kushikana. Bibi akainua kamba, akapita chini yake, akamkimbilia mwanawe ukingoni.

"Mama," Kocha alisema bila kugeuka, "rudi nyuma ya kamba."

"Anaita majina ya wiki iliyopita."

Shavu la Kocha lilicheza.

"Umesikia," bibi akasema.

"Nilidhani ni woga."

"Nami nilidhani hivyo kuhusu soksi. Mwanangu, Alhamisi aligongwa na goti kichwani. Aliniomba nisiseme."

Kocha akamtazama mama yake, kisha akamtazama yule wa kofia ya buluu, kisha uwanja. Miaka yote aliyofundisha baada ya kuoka ilikuwa pale usoni pake. Wasichana walikuwa wameinama tayari, mabega yameshikana, wanangoja sauti ya refa.

"Hakuna mwingine mwaka huu," alisema polepole. "Mama, hakuna mwingine."

"Yupo huyo huyo mmoja. Ndiye ninayemsemea."

Refa alikuwa amekwisha kufungua mdomo Kocha Hamira alipoinua mkono na kuingia uwanjani, akipaza sauti asimamishe. Skramu ikafunguka. Msumari akainuka, uso umemwiva kwa hasira.

"Niko sawa, Kocha."

"Sijasema huko sawa. Nijibu tu. Wiki hii kinu ni cha nani?"

"Cha mbele," Msumari akajibu upesi, kama mwanafunzi anayejua.

Hakuna aliyecheka. Wasichana walitazama viatu vyao. Msumari aliwatazama mmoja mmoja, akingoja mtu amuunge mkono, na kadiri walivyonyamaza ndivyo rangi ilivyomtoka.

Kibiriti ndiye aliyemshika mkono. "Ni cha nyuma, dada," alisema. "Tulikuwa tunakufuata tu. Nisamehe. Na goti ni langu."

Alimtoa mwenyewe mpaka ukingoni, kisha akarudi kucheza, kwa kuwa timu haikuwa na akiba ya kutosha. Msumari alipita mbele ya bibi yake kana kwamba anapita mbele ya nguzo ya umeme. Mwuza dawa wa mtaani, aliyejitolea kushika sanduku la huduma ya kwanza, akamkalisha kivulini, akavua kofia yake mwenyewe akamvika ili mwanga usimuumize. Yeye na bibi walipelekwa hospitali kabla mchezo haujaisha. Daktari alimulika macho, akauliza maswali, akasema ubongo umetikisika, na kwamba skramu moja ingetosha kuwaletea habari nyingine. Alilisema hilo kwa sauti ndogo, akimwambia bibi peke yake.

Jioni Kocha aliwaeleza yaliyotokea. Walishindwa. Mteuzi alikuja kuuliza habari za mtupaji, akasema ni mrushaji wa nadra, lakini nafasi zake hufungwa siku hiyo hiyo na hawezi kumchukua aliye mgonjwa. Akamchukua Kibiriti.

Msumari aligeukia ukuta. "Ulivunja ahadi, Bibi," alisema.

"Nilikuambia nikuone kwanza. Nikakuona."

Hayo ndiyo yakawa maneno yao pekee kwa siku nyingi. Bibi alimletea chakula, akakuta sahani tupu, akaiondoa. Pazia halikufunguliwa. Kocha Hamira alioka mikate bila kutia chumvi siku mbili nzima, na wateja wake, walioijua habari, walinunua na kula bila kumwambia.

Kibiriti alikuja kuaga kabla ya kwenda kambini. Alisimama mlangoni jikoni, anaona aibu, hajui aweke wapi mikono. Akamweleza bibi kwamba kule wamemwambia ajifunze kurusha pia, maana wana warukaji wengi, naye hajui aanzie wapi. Bibi alikuwa amesikia mlango wa chumbani ukifunguka.

Msumari alitoka amejifunga shuka, macho ameyakunja kwa mwanga. Hakumtazama bibi. Alimpa Kibiriti mpira wake wa mazoezi, akamtazama mikono, akasema anaushika kama mtu aliyebeba tikiti la wizi. Akaburuta kiti mpaka mlango wa uani, akaketi, kwa sababu daktari alimruhusu kuketi tu.

"Kidole gumba huku," alisema. "Haya, beseni lile. Bibi atataja."

Bibi alinyoosha mkono kwenye rafu, maana tangu Jumamosi ile vyombo vilikuwa vimesahauliwa. Mkono wake ukasita, hakukumbuka wiki hii kipi kinakaa wapi.

"Mwiko mbele," Msumari alisema kutoka kitini, bila kugeuka. "Kinu katikati, sufuria nyuma. Baba Mdogo aliyabadilisha majina Jumatatu, nilimsikia ukumbini."

Bibi akavipanga hivyo hivyo. Kisha akachukua kiazi na kisu, akaketi mahali ambapo msichana hangeuona uso wake, akataja cha kwanza.