Saa ya London

"Dakika mbili, Madame Bibiane. Mwaka mzima nakuomba dakika mbili tu."

"Na nilikupatia, Papa Clifford. Onze heures juste, saa tano kamili, nilizima muziki. Uliza jengo lote."

Alikuwa amesimama kwenye ngazi mbele ya mlango wangu, kavaa koti jeusi na lile ua jekundu la karatasi kifuani. Nyuma yangu nyumba ilikuwa imejaa: mashemeji, marafiki wa Matonge, mtaa wetu Wakongo, watoto wa kila mtu, maana onze novembre, siku ya kukumbuka waliokufa vitani, ni sikukuu, na sikukuu kwangu haipiti bure. Séraphin, shemeji yangu, alikuwa ameufungulia muziki hadi vikombe vinacheza kabatini.

Papa Clifford ni Mwingereza, anakaa juu yetu. Aliletwa Brussels na kazi ya kutafsiri kule Schuman, kwenye ofisi za Umoja wa Ulaya, akastaafu, akabaki. Habari zake ninazo zote, kwa sababu Gilberte wa chini hawezi kukaa na siri hata ikiwa yake mwenyewe. Baba yake Clifford alikuwa askari, akauawa Ubelgiji mwaka 1944, mama akiwa na mimba. Kazikwa Evere, makaburi ya hapa Brussels. Zamani mzee alikuwa akienda kaburini. Tangu magoti yamkatae, anasimama chumbani peke yake. Na baada ya Noeli binti yake anakuja kumchukua, akaishi naye Leeds, kwao Uingereza. Ndiyo kusema hii ilikuwa mara yake ya mwisho kumkumbuka baba akiwa katika mji alimozikwa.

"Ulizima," akasema. "Halafu midi kamili, saa sita, mimi nimesimama, muziki wenu ukanguruma. Kama mwaka jana. Kama mwaka juzi. Nikajua mnanifanyia makusudi."

"Midi? Hata televisheni ilionyesha ukumbusho onze heures."

"Televisheni ya hapa. Mimi nafuata London."

Gilberte, aliyekuwa amefungua mlango wake ili asikie vizuri, akadakia kutoka chini: "London wako nyuma yetu saa moja, Bibiane. Onze heures yao ni midi yetu."

"Tangu utoto mama alinisimamisha mbele ya redio," akasema mzee. "Kengele ya London ikilia, tunanyamaza. Sijui kufanya bila ile kengele."

Masikio yaliniwaka. Miaka minne, kila onze heures, nazima muziki, naziba watoto midomo, nakataza hata majani ya sombe yasitwangwe, tunaketi watu ishirini kama tuko kwenye misa, kwa ajili ya mtu ambaye saa ile yuko juu anachemsha chai. Na miaka minne hatusalimiani kwenye ngazi, kwa sababu ananiangalia kama nimemkanyaga baba yake.

"Papa, uko na kinywa. Juu ya nini hukusema ni ya London?"

"Nilidhani kila mtu anajua."

"Kila mtu nani? Miye ni muntu wa Likasi."

Ndani watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Séraphin akachungulia begani kwangu. "Tonton, mzee wetu, tuzime sasa. Urudie, wote tutanyamaza."

"Hairudiwi. Kengele imeshalia. Na mwakani sitakuwepo."

Mzee akashika chuma cha ngazi apande, goti likagoma, akabaki palepale, kanipa mgongo. Mtu wa miaka themanini na moja anapanda kwenda kumaliza msiba wake peke yake, na chai. Hasira bado ninayo, lakini hata hasira yenyewe ilikataa nimwache aende hivyo.

"Baba yako aliitwa nani?"

"Harold."

"Huyu Harold, kuna siku watu waliketi pamoja wakamlia, wakala?"

"Mama hakupenda wageni."

"Basi donc, matanga yake bado, na kwetu matanga ni chakula na muziki." Nikafungua mlango wote. "Muziki sizimi tena, nimezima miaka minne, inatosha. Séraphin, mupe tonton kiti chako. Ingia ule, Papa, bukari inapoa."